Supape Iliyokataa Sumaku

Mimi siamini maneno ya mdomo. Ukileta mihogo yako nikusagie, sitakuuliza kama imekauka, kwa sababu jibu lako nalijua. Nitaingiza mkono mpaka chini ya beseni, kule ambako watu huficha mibichi, nitoe kipande na kukivunja karibu na sikio. Kikilia ka!, pita, kaa kwenye foleni. Kikinyamaza, beba beseni lako urudi ukaanike, hata kama umetoka nalo Swima. Mihogo mibichi huziba chujio, masini inalemewa, halafu nani analaumiwa? Si mwenye mihogo.

Akina mama wa mji wetu wa Baraka walinichoka kwa tabia hiyo. "Ule baba anasikilizaka mihogo sawa vile doktere anasikiliza kifua," walisema, wakacheka kwa nguvu ili nisikie. Mama mmoja Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Lusenda, aliniapia kwa Mungu aliye hai kwamba yake ilikaa juani mpaka yeye mwenyewe akakauka. Nikavunja. Ikapinda. Nikamwambia, mama, kuapa hakukaushi. Alinitukana kwa Kirundi, lugha ambayo kwa bahati mbaya naielewa vizuri.

Mulini wenyewe, yaani kinu cha kusagia, haukuwa wangu. Ulikuwa wa yaya, kaka yangu mkubwa, na alipofariki ukabaki kwa mke wake. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji. Yeye alikaa mlangoni na kupokea malipo, mimi nilikuwa mtu wa masini. Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yana miiba. Mimi nami hasira yangu haikai mbali. Yaya alipokuwa hai alikaa kati yetu na kutucheka wote wawili. Alipoondoka, pale kati pakabaki wazi.

Masini ni ile ya pistoni moja inayokula mazutu, yaani dizeli. Juu yake kuna tangi la maji lenye mdomo wazi kama sufuria. Maji hayo ndiyo yanayoipoza: yanachemka kutwa nzima, mvuke unapanda, yakipungua unaongeza. Kuna kijiti chenye kichwa chekundu kinachoelea humo. Kichwa chekundu kikiwa juu, maji yapo. Kikizama, kimbia. Sasa shika jambo moja: masini ilikaa nje ya ukuta, chini ya bati, kwa sababu ya moshi, na mkanda ulipita kwenye tundu kuja ndani kuzungusha jiwe. Mimi nilikuwa ndani na vumbi la unga. Masini niliisikia, sikuiona. Aliyetaka kuigusa angeigusa.

Mwaka huo mke wangu alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye supape ya kwanza ikaungua.

Nilijua kwa sikio. Masini ilianza kuhema, nguvu zikapungua, na kwenye bomba la moshi kukawa na fyuu, fyuu, kama mtu mwenye pengo anayejaribu kupiga mluzi. Nilifungua kichwa cha masini. Supape ya moshi ilikuwa imelika ukingoni, kipande kimeondoka kama andazi lililoumwa.

Supape, yaani vali, ni milango ya masini. Kuna ya hewa na kuna ya moshi. Ya hewa inaishi vizuri, kila masini inapovuta pumzi hewa baridi inaiosha. Ya moshi ina maisha ya taabu: inafungukia moto, moto unaipita shingoni, inakuwa nyekundu kabisa huku ikifanya kazi. Basi kwa nini haiyeyuki? Kwanza, chuma chake ni cha namna nyingine. Pili, kila inapofunga, inakaa kwenye kiti chake, na pale inapokaa ndipo inapotua mzigo wa joto. Kiti kinapokea joto, kinayapa maji. Kukaa ndiko kupumzika kwake. Isipokaa vizuri, hata kama ni uwazi mwembamba wa unywele, moto unapenya hapo na kuiuma mpaka imalizike.

Kwa hiyo supape ikiungua, kuna mtu wa kumshuku. Niliangalia nafasi ile ndogo inayoachwa kati ya mkia wa supape na chuma kinachoigonga, ilikuwa sawa. Maji yalikuwepo, kichwa chekundu kilikuwa juu. Nikasema, basi ni chuma kibovu. Ni yule muuza vipuri.

Nilishuka kwake karibu na gati, kwenye kibanda cha vitu vinavyokuja na boti kutoka Kigoma na kwa barabara kutoka Uvira. Nilimkuta anakula. Aliangalia supape iliyoumwa, akatafuna, akasema, "Hii haiko ya kwangu." Nilimwambia ni yake. Akasema zake haziunguaka. Nilinunua nyingine kwa sababu hapakuwa na duka lingine, nikaigeuza mara nyingi kwenye mwanga kabla ya kuondoka, naye akaniuliza kama natafuta jina la baba yake humo ndani.

Nilirudi, nikaipaka dawa ya kusagia, nikaizungusha kwa mikono juu ya kiti chake mpaka vikakubaliana, nikafunga. Masini ikaimba. Wiki chache tu. Halafu tena: fyuu, fyuu.

Siku niliyoitoa ile ya pili, shemeji alikuja nyuma ya ukuta. Mkononi alikuwa na sumaku, ile ya mviringo inayotolewa kwenye spika. Niliijua. Ilikuwa ya redio ya yaya. Akina mama wa foleni walimfuata kwa sababu kusaga kumesimama na hawana la kutazama.

"Lete hizo bintu," akasema. Nikampa supape zote. Akaweka sumaku kwenye ile ya hewa: ta! Ikashika. Akaweka kwenye kichwa cha ile ya moshi. Ikateleza. Akaweka tena. Ikaanguka kwenye vumbi.

"Bamama, muliona?" akasema bila kunitazama. "Shemeji, chuma gani inakataa sumaku?"

"Ni chuma ya moto," nikasema. "Banaichanganyaka na bingine juu isilegee. Jaribu ku mukia, utaona inashika. Kichwa ni chuma moja, mukia ni chuma ingine. Bameunganisha."

"Bameunganisha! We mwenyewe unasema bameunganisha. Na ile supape ya bwana yangu, yenye haikukuwa ya kuunganisha, iko wapi?"

Eeh! Hapo ndipo nilipoelewa anachofikiri. Alifikiri nimetoa supape ya asili ya yaya, nimeiuza, nikaweka mabati ya kuunga. Tena anafikiri hivyo mbele ya watu. Mama Mrundi wa mihogo iliyopinda alikuwepo, na alifurahi kweli kweli.

"Kenye kinakukula kiko ndani ya nguo yako," shemeji akasema, akaikung'uta ile sumaku kwenye kitenge chake. Kisha akatoa hukumu. Niweke supape ya tatu. Hiyo nayo ikiungua, baba mdogo wetu atakuja Jumapili baada ya ibada, nami nitatoa funguo za mulini mbele yake. Alikuwa ameshaongea na fundi mmoja wa Fizi wa kushika nafasi yangu.

Sina shamba. Milimani hakuendeki kwa sababu ya bunduki, na ziwani mimi natapika. Mulini ndio uliolisha nyumba yangu. Na zaidi ya chakula kuna jina. Mtu aliyefukuzwa kwa kula mali ya mjane wa kaka yake, Baraka nzima itamnyooshea kidole, mpaka mtoto wake atakuwa mtoto wa yule aliyekula mulini.

Lakini ubaya wa shaka ni kwamba haimalizi kwa mtu mmoja. Usiku huo nililala na maneno ya sumaku. Habari ya chuma cha moto niliisikia Uvira kwa aliyenifundisha kazi, nikaiamini. Sikuwahi kuipima mimi mwenyewe. Je, kama na yeye alidanganywa? Mimi ninayevunja mihogo ya kila mtu, hilo nililimeza bila kulivunja.

Nyumbani nako hapakuwa na raha. Mama yangu alikuwa ametoka Swima kuja kumkanda mke wangu, kama inavyofanywa kwetu: maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, kitambaa kinalowekwa na kukandamizwa tumboni na kiunoni mpaka mzazi apige kelele. Asipokandwa, wanasema, mwili unabaki wazi. Mwanaume hasogei kule nyuma ya turubai. Haulizi kitu. Mimi nilikuwa nakula, nabeba mtoto na mawazo yangu, narudi kazini.

Ila mtoto alikuwa na harufu. Nilimwinua siku moja, nikamnusa shingoni, sikusikia maziwa.

"Mama, huyu mutoto ananuka garaji."

"Ni mikono yako," mama akasema. "Nawa kwanza, njo umubebe."

Nikanawa kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikauma. Mtoto akaendelea kunuka garaji. Nikasema, bon, damu ya fundi.

Niliweka supape ya tatu, na safari hii nikatega. Nilimwaga majivu ya jikoni chini ya bati kuizunguka masini yote, nikayalainisha kwa kiganja. Nikaingia ndani kusaga kama kawaida. Jua lilipokuwa la kichwani nikatoka kutazama.

Nyayo. Za kandambili za plastiki, ya kushoto ina alama ya waya. Waya huo niliufunga mimi mwenyewe siku kandambili ya shemeji ilipokatika. Na kando ya nyayo, kwenye majivu, duara safi la kitako cha ndoo.

Mungu wangu! Nikaona yote. Anaiba mazutu, ndoo kwa ndoo, halafu ananiita mimi mwizi! Nikachukua kijiti, nikapima tangi la mazutu. Haikupungua hata kidogo. Basi kama hatoi kitu, anatia. Mchanga? Chumvi? Niliwaza: amechoka na sisi, anataka masini ife mikononi mwangu, aseme niliiua, auze vyuma, arudi kwa ndugu zake Uvira. Nilimtazama kupitia tundu la mkanda. Alikuwa amekaa mlangoni, anapepeta unga wa mtu, uso mtulivu. Nikamchukia. Nilitayarisha maneno ya Jumapili nikayarudia moyoni, na yalikuwa maneno makali.

Ijumaa, fyuu, fyuu. Nikaiacha isage hivyo hivyo kwa kuhema.

Jumamosi ilinyesha mvua ya kuvunja bati. Siku ya mvua hakuna anayetoka na mihogo mikavu, kwa hiyo tulifunga mapema, nami nikafika nyumbani saa ambayo hawanitegemei. Mama alikuwa anatoka nyuma ya turubai na beseni jeupe, amemaliza kumwosha mtoto, anakwenda kumwaga. Mvua ilimzuia mlangoni, akaliweka chini.

Niliangalia tu, hivi hivi, kwa mazoea ya kuangalia. Ndani ya beseni, ukingoni, kulikuwa na mstari wa kahawia, wa kutu. Maji yaliyobaki yalikuwa na ngozi nyembamba juu yake, yenye rangi rangi, bluu na waridi. Niliingiza kidole. Nikanusa. Nilikuwa naijua harufu hiyo kuliko harufu ya mke wangu.

"Mama. Haya maji mulichota wapi?"

"Ku Mungu," akasema, maana mvua ilikuwa inanyesha.

"Mama, minakuuliza."

Akanishangaa. "Ku mulini, sasa wapi? Kuni ziko wapi huku kwenu? Ni shemeji yako alisema, siku ile ile mutoto alizaliwa. Alisema pale kuko maji inachemka bure kutwa nzima, juu ya nini mama muzazi ateseke? Asubuhi na magharibi anatuchoteaka ye mwenyewe, analeta mpaka ku mulango. Na anarudishaka maji ya baridi ya ziwa pale pale, asikuachie tangi tupu. Ule mwanamuke ana heshima, we unamununia bure."

Nilikaa kwenye kizingiti, mvua ikanilowesha magoti.

Sasa niliona. Anapochota ndoo nzima, maji yanashuka chini ya kichwa cha masini, na kile kiti ambacho supape inatua moto wake kinabaki kikavu, kinaunguzwa. Halafu anamwaga maji ya baridi ya Tanganyika juu ya chuma kinachowaka. Asubuhi na jioni, masini ikizunguka. Na kwa kuwa ana adabu, anajaza mpaka kichwa chekundu kinapanda kinapotakiwa kuwa, kwa hiyo nikitoka naona kila kitu ni salama. Chuma chochote kingepasuka. Mimi nilitafuta ugonjwa kwenye supape, kumbe supape ilikosa mahali pa kukaa.

Jumapili baba mdogo alikuja na koti lake la kanisani. Aliwekewa kiti chini ya bati. Shemeji alisimama kando, mikono imekunjwa, funguo zikiwa tayari juu ya mfuko wa mihogo. Sikusema lolote kati ya yale makali niliyokuwa nimeyatayarisha. Nilichukua kichwa cha masini, nilichokifungua asubuhi, nikakiosha kwa mazutu, nikakipangusa kikavu, nikaenda ndani kuchota gao la unga mweupe wa muhogo na kukinyunyizia.

"Tunapika?" baba mdogo akauliza.

"Tungoje kidogo, baba."

Tulingoja. Mazutu iliyojificha ndani ya chuma ikaanza kutoka taratibu na kulowesha unga, na mstari mweusi ukajichora wenyewe, mwembamba, kutoka kiti cha supape ya moshi mpaka kiti cha supape ya hewa. Ufa. Supape ilikuwa inakaa juu ya kiti kilichopasuka. Hata ungeweka ya dhahabu ingeungua.

Nikamweleza shemeji kwa sauti ya chini: supape, kiti, maji, ndoo, maji ya ziwa. Niliposema ndoo, mikono yake ikakunjuka. Aliinama akaugusa ule mstari kwa ncha ya kidole, unga ukabaki kwenye ukucha.

"Basi ni miye," akasema. "Ni miye njo nilipasua masini ya bwana yangu."

Baba mdogo alikohoa, akatafuta kofia yake. Alisema kichwa kingine kitaagizwa Uvira, na kwamba yeye hakuitwa kwa ajili ya chuma, akaondoka. Funguo alizisahau pale pale juu ya mfuko. Tulibaki wawili, na mimi nilikuwa na swali moja.

"Shemeji," nikasema, "mbele ya bantu uliniita mwizi. Na asubuhi ile ile ulikuwa unachotea muke wangu maji. Juu ya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kijinga.

"Nilizani mwizi ni we," akasema. "Mutoto hakuiba kintu."

Akachukua funguo, akaziweka mkononi mwangu bila kunitazama, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimemwaga majivu, nimemchungulia kwa tundu la mkanda na kumchukia. Kama mimi ndiye ningeamini ananiibia, nisingempa hata maji ya kunawa. Nalijua hilo, na halinipendezi.

Kesho yake asubuhi mbwa alibweka. Shemeji alikuwa mlangoni kwangu na mzigo wa kuni kichwani, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliutua chini kwa kishindo. Hakusalimia. "Moto ya mutoto ni hii," akasema. "Ile masini uiache ipumuzike." Akaniacha nimesimama.

Nilimngoja apotee kwenye kona ya njia. Kisha nikachuchumaa, nikaingiza mkono mpaka katikati ya mzigo, kule ambako watu huficha mbichi, nikatoa ukuni mmoja na kuuvunja karibu na sikio. Zilikuwa kavu.